Aliyetaja Kwanza

"Simamisha hapo," alisema Inspekta Nadhira.

Sajini Hafiz akabonyeza simu yake na sauti zikakatika. Walikuwa watatu katika chumba kile cha ofisi ya upelelezi mjini Chake Chake, madirisha wazi, kelele za soko zikiingia kwa mbali. Hafiz ndiye aliyemhoji mtuhumiwa. Nadhira alikuwa amekabidhiwa jalada asubuhi ile alikague kabla kesi haijasomwa mahakamani kesho yake. Wa tatu alikuwa mgeni: Daktari Conchesta, mwanamke wa Bukoba anayefundisha elimu ya haki jinai chuo kikuu huko bara. Alikuwa amekuja Pemba kwa utafiti na kupewa kibali cha kusikiliza.

"Rudisha nyuma kidogo. Nataka kusikia swali, si jibu."

Hafiz akarudisha. Sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye simu, nzito na yenye haraka.

"Ukamwaga petroli mlangoni, sivyo?"

 Kisha sauti ya kijana, nyembamba, kama ya mtu anayesema usingizini. "Nilimwaga."

"Mlangoni?"

"Mlangoni."

Nadhira akainua mkono. Simu ikanyamaza.

"Nani aliyetaja petroli kwanza?"

"Mie," alijibu Hafiz. "Lakini kakubali."

"Na mlango?"

"Mie vilevile. Afande, kijana kakiri kwa kinywa chake. Mikono yake imeungua. Chupa ya petroli tumeikuta kwenye pikipiki yake. Bi Mwanapili kamuona kwa macho. Tunataka nini tena?"

Kwa jinsi alivyoipanga, kesi ilionekana imekwisha. Ijumaa baada ya alasiri, ghala la mwani la kikundi cha akina mama wa kijiji cha Msuka liliwaka moto. Mwenyekiti wao, Bi Mwatima, alikutwa nje amelala mchangani, kavuta moshi mwingi, kaungua mgongo. Mpaka asubuhi ile alikuwa hospitali hajapata fahamu. Usama, kijana wa bodaboda wa hapo hapo Msuka, alikutwa kando yake na mikono iliyochubuka kwa moto. Akakamatwa, akahojiwa usiku kucha, akakiri alfajiri. Tangu hapo hakuna jirani aliyevuka kizingiti cha mama yake.

"Naweza kusema neno?" aliuliza Daktari Conchesta.

"Sema, Daktari. Hukuja kupamba chumba."

"Kazi yangu ni kusoma wenzangu duniani wanaandika nini kuhusu uhalifu na haki. Zamani karibu wote waliandika juu ya magereza na adhabu, kwamba kifungo kirefu kinasaidia au hakisaidii. Ikaja zamu ya ramani: uhalifu unatokea mitaa ipi, polisi wasimame wapi. Siku hizi kundi kubwa limehamia kwenye chumba kama hiki. Wanauliza kwa nini mtu asiye na kosa anakiri."

"Na anakiri?" Hafiz aliuliza. "Mtu mwenye akili zake akubali jela kwa kosa la mwenziwe?"

"Anakiri. Hasa akiwa kijana, hajalala, na ameambiwa kwamba ushahidi upo. Imeandikwa mara nyingi."

"Imeandikwa Ulaya."

"Kweli," alikubali Daktari. "Kuhusu kisiwa kama hiki sijakuta hata ukurasa mmoja. Ndiyo maana nimekuja."

Nadhira alikuwa akimtazama kwa makini. "Utafiti wenu unaniambia Usama hana hatia?"

"Hapana. Unakuambia utazame wapi. Ukiri wa kweli huleta jambo ambalo polisi walikuwa hawalijui: silaha ilitupwa wapi, nguo ilifichwa wapi. Ukiri wa uongo huwarudishia polisi yale yale waliyoingia nayo. Pamoja na makosa yao."

Wakaisikiliza rekodi yote; Hafiz alikuwa ameiwasha alfajiri tu, kijana alipoanza kukubali. Kila jambo lilipotajwa Nadhira alisimamisha na kuuliza swali lile lile: nani alilitaja kwanza? Petroli, Hafiz. Mlango, Hafiz. Ugomvi wa Usama na Bi Mwatima juu ya nauli, Hafiz. Mpaka sauti zinamalizika, Usama hakuwa ameleta hata jambo moja la kwake.

Hafiz alifuta jasho la shingo. 

"Nani alikwambia petroli ilimwagwa mlangoni?" Nadhira alimuuliza.

"Hakuna, afande. Nilikisia. Nimeona chupa, nimeona mlango umeungua."

"Umeungua upande gani?"

Hafiz alivuta jalada, akaanza kulipekua.

"Chukua ufunguo wa gari," alisema Nadhira. "Twende Msuka."

*

Ghala lilikuwa jengo la matofali juu kidogo ya pwani, nyuma ya minazi. Bati za upande wa nyuma zilikuwa zimeporomoka. Za mbele bado zilikaa juu ya mapau yake. Wazima moto wa siku ile, yaani wanakijiji na ndoo zao, walikuwa wameung'oa mlango na kuutupa mchangani.

Nadhira aliuinua upande mmoja, Hafiz akashika mwingine, wakausimamisha. Upande wa ndani ulikuwa mkaa mtupu. Wakaugeuza. Upande wa nje rangi ya buluu ilikuwa bado ipo, imefura kidogo kwenye kingo.

"Petroli ikimwagwa hapa nje," Nadhira alisema, "rangi hii ingekuwapo?"

"Isingekuwapo," alijibu Hafiz, sauti chini.

"Kwa hiyo wewe ulikosea, na yeye akakubali kosa lako. Mtu aliyelichoma ghala angejua kalichomea wapi."

Aliingia ndani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka kwa joto, na chini yake magunia yaliyoungua yalikuwa yamebaki kama vichuguu. Alichuchumaa, akachukua kijiti, akaanza kupekua kichuguu kimoja. Juu palikuwa na jivu laini, jeusi. Chini yake nyuzi zilizobaki nusu hazijaungua. Chini zaidi, mchanga.

Akatoka nje bila kusema, akaenda kwenye kamba za mwani uliokuwa umeanikwa nyumba ya pili, akaomba konzi moja. Akauweka juu ya jiwe, akaomba kiberiti. Mwani ukasinyaa, ukafuka moshi mweupe, ukazima. Akajaribu tena. Ukazima tena.

"Mama yangu alikuwa mkulima wa mwani," alimwambia Daktari Conchesta. "Nimekaushwa pamoja nao. Umejaa chumvi, hauwaki moto wa kuporomosha paa. Kilichowaka mle ndani ni makumbi ya nazi. Magunia yalijazwa makumbi na mchanga."

"Na mwani wenyewe?"

"Ulikwishatoka zamani. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumatatu kupima. Kuna mtu hakutaka ufike wakati wa kufungua magunia."

Hafiz alikuwa amebaki mlangoni. Alikuwa amepiga magoti, akipitisha vidole mchangani kuizunguka fremu, na alipoinuka alikuwa ameshika kitu kilichofunikwa na masizi. Lilikuwa kofuli kubwa, limefungwa, bado linaning'inia kwenye pete yake ya chuma. Na pete ilikuwa imeng'oka na kipande cha mbao, misumari yote minne mahali pake.

Nadhira alikigeuza kipande kile. Mbao ilikuwa imechanika kutoka nje, kwa kitu chenye ncha.

"Mlango ulifungwa kwa kofuli," Hafiz alisema polepole. "Na yeye Bi Mwatima yumo. Halafu mtu mwingine akaung'oa kutoka nje." Alimeza mate. "Mie nimeandika mlango ulikuwa wazi."

"Na kijiji kizima kinajua ulikuwa wazi, kwa sababu polisi wamesema. Basi uendelee kuwa wazi. Kofuli hili halitajwi. Si kwa mkubwa, si nyumbani kwako, si kwa Usama. Nataka nimsikie mtu akilitaja mwenyewe."

Daktari Conchesta alitazama pembeni, lakini alikuwa anatabasamu.

*

Bi Mwanapili aliishi mkabala na ghala. Aliwakaribisha, akawaletea madafu, akamtazama Hafiz kwa jicho la kutomsahau.

"Nishasema yote kwa huyo," alisema.

"Najua, Bi Mwanapili. Leo sina maswali. Ulikuwa umekaa wapi siku ile?"

"Papa hapa barazani. Nasuka ukili wa mkeka."

"Kaa vilevile, nakuomba. Shika na ukili wako. Fumba macho. Anzia adhana ya alasiri, uje mpaka mwisho. Hata kama jambo ni dogo, niambie. Sitakukatiza."

Mama yule alicheka kidogo kwa haya, lakini akakaa, akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kusuka vyenyewe.

"Nimesali, nimekaa. Jua lanipiga hapa mguuni. Kuku yule mwekundu kaja, nikamfukuza." Akanyamaza kidogo. "Kisha nikasikia kofuli. Ka. Lile la ghalani lina mlio wake. Nikasema moyoni, haya, mwenye ufunguo keshafunga kazi; hata kichwa sikuinua. Kisha kimya. Kisha harufu. Harufu ya makumbi, kama mtu achoma tanuri. Nikashangaa makumbi yatoka wapi wakati uno. Kisha moshi. Kisha nikasikia ngo, ngo, ngo, nikafikiri ni mtu apigilia kitu. Kisha pikipiki. Kijana wa fulana nyekundu akaitupa njiani, hata hakuisimamisha, akakimbia..."

Mkono wake uliinuka na kunyooka, ukili ukining'inia. Ulielekea ghalani.

Alifumbua macho. Alitazama mkono wake mwenyewe mahali ulipokuwa ukielekea.

"Alikimbilia kuno," alisema. "Alikwenda motoni."

Akamgeukia Nadhira. 

"Mwanangu, mie waliniletea kijana ndani ya gari. Waliniuliza, ni huyu? Nikasema ni huyu. Waliniuliza, alikuwa akikimbia? Nikasema alikuwa akikimbia. Akenda wapi, hakuniuliza mtu."

Hafiz aliinama akatazama viatu vyake. Kisha alifanya jambo ambalo Nadhira hakulitarajia: alisogea mbele ya mama yule, akachuchumaa.

"Nilitakiwa nikuulize, Bi Mwanapili. Sikukuuliza."

"Basi leo umesikia," alisema Bi Mwanapili, akarudia ukili wake.

Nadhira alimuomba aliyoyasema yasitoke barazani pale mpaka kesho. Alikubali kwa kichwa tu.

*

Ofisini Chake Chake, Usama aliletewa chai na mkate kabla ya kuulizwa chochote. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, ikabidi Hafiz amshikie kikombe. Nadhira aliweka kinasa sauti mezani, akamwambia kimewashwa.

"Sitakuuliza kama ulichoma. Nieleze siku ile kwa namna yako, na ukisahau useme umesahau."

Alianza kwa kusitasita. Alikuwa katoka Konde, mji wa jirani, na abiria, akamshusha, akawa anarudi nyumbani. Chupa ya petroli huwa nayo siku zote, kwa sababu kwao hakuna kituo cha mafuta. Akaona moshi. Akasikia mtu anagonga kwa ndani.

"Nikaenda mlangoni. Una kofuli. Nikapiga teke, hauendi. Pwani palikuwa na nanga ya ngarawa, nikaichukua, nikaitia kwenye ile pete, nikavuta mpaka ikang'oka. Bi Mwatima alikuwa kaangukia nyuma ya mlango. Kanga yake inawaka. Nikaizima kwa mikono, nikamburura."

Daktari Conchesta aliandika kitu. Nadhira hakumtazama Hafiz. Hakukuwa na haja.

"Mbona hukusema haya mwanzo?"

"Nilisema. Sijafika hata kwenye habari ya mlango, nikaambiwa nadanganya." Usama alitazama bandeji zake. "Kisha nikaambiwa Bi Mwatima kazinduka, kanitaja mie. Bi Mwatima, afande, ndiye aliyenisomesha Kurani. Hajapata kusema uongo. Nikajiambia, kama yeye kasema, labda kweli ni mie. Labda nilipopita mchana chupa ilivuja. Labda nilitupa sigara. Nikawaza mpaka nikawa sijui tena. Na nilikuwa na usingizi. Nikaambiwa nikikubali nitalala."

Hafiz aliweka kikombe chini. 

"Hakukutaja," alisema. "Hajazinduka. Mie ndiye nilisema hivyo ili uongee."

Kijana alimtazama muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, bali mshangao wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo na kuambiwa si wake.

"Basi sikuchoma," alisema, kama anayejijibu mwenyewe.

Nje, ukumbini, Nadhira alimgeukia Hafiz kabla hajaanza kujieleza.

"Funguo za kofuli lile zilikuwa kwa watu wawili. Wa Bi Mwatima umekutwa shingoni kwake hospitali. Wa pili uko kwa nani?"

"Mtunza ghala. Hudhaifa."

"Nimeulizia, ana chumba cha kuwekea vitu Konde. Kachukue hati ya upekuzi, uende. Utafute magunia yaliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Akina mama wa Msuka hushona hivyo wenyewe. Mie nitamkaribisha mwenyewe chai."

Hafiz alikwenda karibu kwa kukimbia.

*

Hudhaifa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, koti, na harufu ya udi. Alisalimia kwa adabu, akaulizia hali ya Bi Mwatima kabla hajakaa, akaitikia amina dua aliyoiomba mwenyewe. Alikubali kurekodiwa bila wasiwasi wowote.

"Wewe ndiye unayelijua ghala kuliko mtu mwingine," alisema Nadhira. "Nisaidie kuelewa. Nieleze unachokijua, tangu siku ile mpaka leo."

Alieleza vizuri. Tangu sala ya Ijumaa alikuwa Konde kwa shughuli zake, na hakutoka mpaka isha. Habari za moto kazipata kwa simu. Ghala hajalisogelea tangu siku hiyo, moyo haumruhusu. Mwani wote wa akina mama umeteketea, hasara kubwa, lakini roho ya mtu ni kubwa zaidi.

Nadhira alitikisa kichwa kukubali. Hakuuliza makumbi. Hakuuliza ufunguo. Alimmiminia chai, akasema, "Na huyu Usama? Mtu wa namna gani?"

Hapo Hudhaifa alichangamka. Alimlalamikia sana Usama: ukaidi wake, mwendo wake wa pikipiki, majibu yake kwa wakubwa. Alikuwa kama mtu aliyepewa kazi na akataka kuifanya mpaka mwisho.

"Lakini sikumdhania ukatili huo," alisema. "Kuchoma ni jambo moja. Kumtia mwanamke kofuli ndani ya moto, akawa anagonga na wewe unaondoka, huyo si mtu tena."

Kalamu ya Daktari Conchesta ilisimama.

Nadhira aliweka birika mezani taratibu. "Kofuli gani?"

"La ghalani."

"Nani kakwambia lilifungwa?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu wa Msuka."

"Msuka wanasema mlango ulikuwa wazi. Wanasema hivyo kwa sababu sisi tuliandika hivyo, na tulikosea. Waliojua kwamba palifungwa kofuli ni aliyeling'oa, naye yuko mikononi mwetu. Na mama mmoja aliyenyamaza tulipomuomba. Na aliyekuwa anagonga, naye hajasema neno kwa mtu." Alisogeza kinasa sauti kikawa katikati yao. "Mie sikulitaja kofuli, wala kugonga. Umeyataja wewe."

Hudhaifa alijaribu kucheka. Akasema labda kaota. Akasema labda kasikia vibaya kwenye simu. Kila alichosema Nadhira alikipokea kimya, na ukimya ukamfanya aongeze kingine kilichopingana na cha kwanza.

Simu ya Nadhira ikaita. Aliiweka kwa sauti ya wazi.

"Afande," ilisema sauti ya Hafiz, na nyuma yake zikasikika honi za magari ya Konde. "Yapo. Chumba kimejaa mpaka dari. Uzi mwekundu. Mengine keshaanza kuyafumua na kuyashona upya."

"Umefanya kazi nzuri, Hafiz. Usikate simu."

Udi ulikuwa bado unanukia, lakini mtu aliyeuvaa alikuwa kama amepungua ndani ya koti lake. 

"Sikujua yumo," alisema hatimaye. "Nilipotia moto nyuma, sikujua yumo. Nilikuwa nimeuacha mlango wazi nikazunguka kwa nyuma, kumbe kaingia, kajikalia kwenye giza la magunia, sijui alikuwa anahesabu au anafungua. Nilishafunga, nilishafika kwenye minazi, ndipo nikasikia anagonga."

"Na ufunguo ulikuwa mfukoni."

"Ulikuwa mfukoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kwenda."

Daktari Conchesta aliweka kalamu chini na kutazama dirishani. Nadhira, ambaye angeweza kumaliza hapo, hakumaliza.

"Kijana mmoja keshakiri jambo ambalo hakulitenda. Sitaki kukiri kwako kuwe maneno matupu. Niambie kitu ambacho mie sikijui."

Hudhaifa aliinua macho kama hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Ufunguo," alisema. "Nimeutupa kwenye kisima kibovu, nyuma ya kile chumba cha Konde. Nimeufunga kwenye kitambaa pamoja na jiwe."

"Hafiz, umesikia?" Nadhira aliiambia simu.

"Nimesikia, afande. Navua viatu."

Waliisikia sauti ya watu wakiitana, kamba ikitafutwa, mtu akicheka kwa woga. Kabla ya magharibi Hafiz alisimama mbele ya meza ya Nadhira, suruali imelowa mpaka kiunoni, tope nyweleni, na kwenye kiganja chake ufunguo mmoja. Nadhira alilitoa kofuli, akalifuta masizi, akauingiza, akazungusha.

Likafunguka.

Daktari Conchesta alipiga makofi, kisha akajishika mdomo kwa aibu. Lakini Nadhira alikuwa naye anacheka, kicheko cha tumboni ambacho Hafiz hakuwahi kumsikia nacho tangu aanze kazi chini yake.

"Daktari," Hafiz alisema, maji yakimtiririka sakafuni, "hayo maandiko ya wenzako. Yapo ya Kiswahili?"

"Hayapo."

"Basi yaandike. Uanze na mie. Andika jina langu nilipokosea; mie sitakataa."

*

Asubuhi mwendesha mashtaka alisimama mahakamani akasema upande wake hauna nia ya kuendelea dhidi ya Usama, na kwamba mshtakiwa mwingine ataletwa. Hakimu alimwambia kijana yuko huru. Usama alibaki amesimama, akitazama huku na huku, mpaka askari aliyekuwa karibu naye akamgusa bega na kumwonyesha mlango.

Saa hiyo hiyo mkuu wa upelelezi alikuwa amekwishasaini agizo ambalo Nadhira aliliomba: katika mkoa ule, kila mahojiano yarekodiwe tangu neno la kwanza, na asihojiwe mtu ambaye hajalala. Daktari Conchesta aliombwa kuwafundisha askari. Alikubali kwa sharti moja, kwamba Sajini Hafiz afundishe pamoja naye.

Hafiz ndiye aliyeendesha gari kwenda Msuka. Usama alikaa mbele, Nadhira na Daktari nyuma. Walipopita Konde watu walikuwa wamekwishapata habari. Wauza samaki walisimama, vijana wa bodaboda wakapiga honi, kisha wakapanda pikipiki zao na kulifuata gari. Mpaka wanaingia njia ya Msuka msururu ulikuwa mrefu, vumbi limepanda juu ya mihogo pande zote mbili.

Akina mama wa kikundi walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya mama yake Usama, wengi wao kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Bi Mwanapili alikuwa mbele. Hakuna aliyekuwa na uhakika aanze vipi.

Mama yake Usama alitoka ndani. Hakukimbia. Alimfikia mwanawe pale pale kwenye mlango wa gari, akamtazama uso, akatazama bandeji, akamuuliza swali alilomuuliza kila siku anaporudi:

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Huongopi?"

"Siongopi."

Ndipo akamkumbatia, na Bi Mwanapili akapiga kigelegele cha kwanza. Cha pili kilitoka kwa wengine wote kwa pamoja, na honi za pikipiki zikajibu, na watoto wakaanza kukimbia huku na huko bila kujua sababu.

Nadhira alikuwa amesimama kando ya gari simu ilipoita. Ilimbidi aingie ndani na kufunga vioo ili asikie. Daktari Conchesta alimwona akiuliza kitu, akiuliza tena, kisha akiegemeza kipaji cha uso kwenye usukani. Alipotoka alipanda juu ya ngazi ya baraza, akainua mikono yote miwili, na kelele zikapungua kidogo kidogo mpaka ikasikika bahari.

"Nimepigiwa kutoka hospitali," alisema. "Bi Mwatima kafumbua macho. Anazungumza. Kaomba maji, kisha kauliza mnunuzi keshafika au bado."

 Kisha Msuka nzima ikapaza sauti.